Skafu Ilikuwa Msumarini

Umoja, Nairobi
Jumatatu, 9 Septemba 1996

Mdogo wangu mpendwa Syombua,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, aliyetutunza sisi wawili tangu tulipokuwa tukigombania blanketi moja kwa mama. Hujambo? Na kifua chako kikoje? Kile kikohozi cha baridi ya Julai kimekuachilia, au bado unaamka umeshika ubavu? Shemeji Mutunga naye ni mzima? Nijulie hali ya watoto wote, na ya mama mkwe wako, na kama mbaazi zimewapa chochote mwaka huu. Huku mvua haijaonekana, vumbi la barabara linaingia hadi kwenye sukari, lakini tunashukuru. Ukiuliza mwili wangu, mwili ni mzima. Cherehani nayo inaendelea.

Syombua, barua hii isome peke yako kwanza, ukiwa umekaa. Ukiimaliza utajua mwenyewe ni nani wa kusomewa na ni nani wa kunyimwa. Tena usiikunje katikati kwa hasira. Nakuomba uifikishe mwisho, kwa sababu ninalotaka kukuambia nimeshindwa kuliweka mwanzoni.

Ni juu ya binti yako Muthoki. Kitonga, dereva wetu wa mizigo, alipopita hapa wiki mbili zilizopita alinieleza mnavyoishi naye. Alisema mtoto hali na nyinyi, anachukua sahani yake anaenda nayo jikoni. Alisema Mutunga ametangaza kwamba yule fahali aliyekuwa wa karo ya chuo cha wauguzi sasa ni wa mabati, kwa sababu msichana anayeokotwa kwenye nyumba za vidio hasomeshwi. Akaniambia pia kwamba wale wa chuo cha misheni bado wamemwekea nafasi, wanachongoja ni barua ya mchungaji peke yake, na barua hiyo isipofika mpaka mwisho wa mwezi huu nafasi anapewa mwingine. Kitonga aliyasema hayo huku akifunga magunia, kama mtu anayetoa habari za bei ya mahindi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikukinywa.

Ile barua niliyokuandikia mwezi wa Juni, nadhani bado unayo. Niliandika kwamba ninamrudisha mtoto wako kabla hajaharibika kabisa. Nayakumbuka maneno hayo vile yalivyo, maana niliyachagua polepole. Sasa ngoja nikueleze mambo yalivyoanza.

Unakumbuka ulipokuja mwaka juzi nilikuonyesha jengo la mabati nyuma ya kibanda cha mafuta ya taa, ukaniuliza kama ni kanisa kwa vile watu walivyokuwa wakipiga kelele. Ule ni ukumbi wa vidio wa Sylvance. Ndani kuna televisheni moja juu ya meza ndefu, na viti vya mbao kama vya shule. Sisi akina mama wa Ushirika wa kanisa tumeombea mahali pale pafungwe hata tukachoka. Basi mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa na mimi sina hata sare moja ya kushona, Sylvance akaja mpaka kwenye veranda yangu. Akaniamkia vizuri, akasema, "Mama Ndete, najua wewe na mimi hatuombi Mungu kwa mlango mmoja, lakini jua la saa nane linaniua." Alitaka mapazia mazito meusi ya milango yote miwili, wa mbele na wa nyuma, ili picha ya mchana ionekane.

Nilipaswa kukataa. Nilimwambia nitafikiri, na jioni hiyohiyo nikatafuta kitambaa. Rispa, mwenyekiti wetu wa Ushirika, ambaye unamfahamu kwa kucheka, alipoona marobota meusi kwenye kiti changu akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya jukwaa la shule fulani. Uongo ule ulikuwa mdogo, Syombua, wa kupita kwenye tundu la sindano. Niliona utaishia hapo.

Nilienda kupima milango siku ya Jumanne, saa nane za mchana, nikidhani hakuna watu. Palikuwa pamejaa vijana. Sinema ilikuwa ikiendelea, nami nikaanza kupima mlango wa nyuma nikiwa nimewapa mgongo. Lakini sikio halina kifuniko. Nikasikia wanabishana. Mmoja akasema, "Hiyo si yenyewe, manze. Kwa gemu Namba Saba haongei." Mwingine akamjibu kwamba hii ni sinema, si gemu, na kwa sinema lazima mtu aongee, ama atajaza saa mbili na nini. Nikageuka nione huyo Namba Saba anayekatazwa kuongea ni nani.

Alikuwa mwanamke. Sijui watu wa wapi, sura yake ni ya mbali. Jina lake halisi sikulishika. Alikuwa anapigana na wanaume watatu juu ya daraja, na alikuwa anawashinda.

Sasa mimi ni fundi, sina jicho lingine. Kitu cha kwanza nilichoona ni suruali. Wale wanaume watatu walivaa mashati yenye vifungo na suruali za kawaida, za mtu kwenda kazini. Yeye alivalishwa suruali iliyombana kama ngozi ya soseji. Syombua, nakuambia kwa miaka ishirini ya kukaa kwenye cherehani, suruali ile haiwezi kuinua mguu. Hakuna kipande cha kuongeza katikati. Akipiga teke moja la ukweli, mshono unafunguka kutoka kiunoni mpaka magotini. Na aliyeishona alijua. Tena nikaona kila wanapopigana, nguo inayochanika ni yake tu. Ya wanaume inapata vumbi, yake inapata tundu, na tundu lenyewe halitokei kwenye kiwiko. Nilikasirika pale mlangoni, futi mkononi, kama mtu aliyetukaniwa ufundi.

Nyumbani nilimweleza Muthoki. Unajua mtoto wako anavyocheka, anacheka mpaka anakaa chini. Yeye ndiye aliyenielewesha. Akasema pale dukani kwa Burale, tunakonunua mafuta ya taa, kuna mashine ya gemu inayokula sarafu. Kwenye kioo chake kuna picha nane za wapiganaji wa kuchagua. Saba ni wanaume, na mwanamke ni mmoja, wa saba kwenye mstari, ndiyo maana vijana wanamwita Namba Saba. Akasema mle kwenye mashine hana suruali hata hiyo mbovu, ana kitu cha kuogelea, na akishinda anaruka juu na kucheka kama mtoto aliyepewa peremende. Wanaume wakishinda wanakunja mikono. Vijana hawamchagui, ama wakimchagua ni kwa mzaha. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku moja foleni ya mafuta ilikuwa ndefu, vijana wanne wa pale wakamwambia, "Dada, cheza basi na mwenzako," naye akamchagua Namba Saba akawapiga wote wanne. Mmoja akadai mashine imeharibika. Tulicheka, Syombua, tulicheka mimi na mtoto wako mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa bahati mbaya kuna mtu wa kanisa aliyemwona siku hiyo pale kwenye mashine, na neno likawekwa akiba.

Mapazia niliyamaliza, nikayatundika, Sylvance akafurahi. Kazi ikaisha mwezi wa Mei. Sinema ile ilipendwa sana na wale wa gemu, kwa hiyo Sylvance akawa anairudia kila Jumatano na Jumamosi mchana.

Lazima nikueleze kuhusu skafu, kwa sababu wewe ni wa kanisa lingine. Sisi Ushirika wetu unakutana Jumatano asubuhi mpaka mchana, na tunavaa skafu ya kijani yenye utepe mweupe. Skafu hiyo haiuzwi popote. Mama hufundishwa mwaka mzima, halafu huvikwa mbele ya kanisa lote, na akifa huzikwa nayo. Mimi nilivikwa mwaka wa tisini. Ninapoivua huitundika kwenye msumari ulio juu ya kitanda, na Muthoki alikuwa haigusi hata kuipangusa vumbi.

Jumatano moja, mwanzoni mwa Juni, Mzee Phares Awiti, karani mstaafu wa reli na mzee wa kanisa letu, alikuwa akizunguka mtaani kugawa vikaratasi vya mkutano wa injili. Akaona awape na wale wa vidio. Akainua pazia la mbele, mwanga ukaingia, na kwenye kiti cha tatu akaona skafu ya kijani yenye utepe mweupe. Pazia likaanguka, akabaki gizani akipapasa. Macho yalipozoea, kiti kilikuwa kitupu na pazia la mlango wa nyuma linatikisika.

Mzee Phares si mtu wa kuzusha. Alikaa na jambo hilo siku mbili ndipo akampelekea Mchungaji Wathome. Na hapo, mwana wa mama, hakuna aliyejiuliza swali. Mama aliyevikwa skafu hawezi kukaa kwenye kiti cha Sylvance. Ni kama kusema umeona madhabahu ikitembea barabarani. Kwa hiyo wakaanza kuuliza ni mama yupi ana msichana nyumbani, msichana anayeweza kuiba skafu ajifiche nayo. Na lile neno la mashine ya gemu likatolewa akiba.

Tuliitwa Jumapili alasiri, mimi na Muthoki, katika kile chumba cha nyuma tunamowekea viti. Walikuwa mchungaji, Mzee Phares, Rispa na wazee wengine wawili. Muthoki alisema hakwenda. Alisema Jumatano hiyo alikuwa nyumbani anafua. Waliuliza ni nani aliyemwona, akasema alikuwa peke yake. Mzee mmoja akamkumbusha habari za mashine, naye hakukana, akasema ni kweli alicheza, na kwamba alishinda. Hilo la kushinda halikumsaidia.

Ndipo Mchungaji Wathome akanigeukia kwa upole, maana yeye ni mpole, akaniuliza, "Mama Ndete, Jumatano ile saa nane, skafu yako ilikuwa wapi?"

Nikasema, "Ilikuwa msumarini."

Ni hayo tu niliyosema. Kama niliitundika msumarini baada ya Ushirika nikatoka tena, basi aliyeitoa msumarini ni aliyekuwa nyumbani. Hawakuhitaji kuniuliza la pili. Mchungaji akamuuliza Muthoki ana neno. Mtoto wako akaniangalia. Hakuniangalia kwa ukali, na ningeshukuru kama angeniangalia kwa ukali. Akasema, "Kama mama mkubwa amesema ilikuwa msumarini, basi ilikuwa msumarini."

Wakalichukua hilo kuwa kukiri. Wakaamua asipewe barua ya chuo, aondolewe kwaya, na wakanishauri nimrudishe kwa wazazi. Nikamfungia nguo zake, nikakuandikia ile barua, nikamkabidhi kwa Kitonga. Kituoni hakunililia wala hakunitukana. Aliniambia kuna sare ya mtoto wa jirani haijatiwa vifungo, iko chini ya kitanda, nisiisahau.

Sasa, Syombua, umeshajua. Wewe hukuwahi kuwa mzito wa kuelewa. Lakini sitaki uishie kukisia, nataka uione kwa mwandiko wangu. Aliyekuwa kwenye kiti cha tatu ni mimi. Mlango wa nyuma niliupata haraka gizani kwa sababu niliupima mwenyewe. Jumatano ile nilitoka kwenye Ushirika nikapitia huko moja kwa moja, na skafu nilikuwa nayo kichwani, nilisahau kuivua. Muthoki alirudi kutoka kuanika nguo akaona msumari mtupu. Alijua. Tangu mwanzo wa kikao kile alijua, na alinyamaza ili dada ya mama yake asivuliwe skafu mbele ya watu.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya nne. Mara ya kwanza nilijiambia pazia linaburuzika, nikalitazame. Mara ya pili nilijiambia pete zake zinalia. Mara ya tatu sikujiambia chochote, nilimpa Sylvance sarafu kama kijana yeyote, naye akaitazama sarafu, akanitazama mimi, akasema, "Karibu, mathe," vile vijana wanavyomwita mama, akaniachia kiti cha tatu bila neno jingine.

Utaniuliza nilifuata nini, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mjane, niliyeokoka. Hilo nitakuambia wewe peke yako. Kanisani sikulisema.

Sinema yenyewe haikuwa nzuri. Hata vijana waliilalamikia. Mwanamke yule ana safari ya kumtafuta mama yake aliyechukuliwa, na njia nzima anawashinda watu, tena wengi. Lakini mwisho ukikaribia wanamfunga kamba, na anayemfunga ni mtu aliyempiga dakika kumi zilizopita akamwacha akitambaa. Anangoja mpaka mwanaume mmoja mkubwa aje amfungue na kumaliza vita, na yeye anashikilia mkono wa yule mwanaume huku nguo imechanika tena. Kijana mmoja alisema, "Sasa wamemharibu." Nikaona ni kweli. Waliotengeneza sinema walitaka kumwongezea kitu ambacho gemu haikumpa, wakampa mama, wakampa na sauti, halafu ni kama waliogopa. Mimi mwisho huo sikuwa nauangalia. Nilikuwa naondoka mapema.

Kuna mahali katikati, pafupi sana. Vijana walipatumia kutoka kununua karanga kwa sababu hakuna vita. Yule mwanamke yuko chumbani na mkubwa wake wa kazi, anamweleza jambo, anamkatalia. Mkubwa anakasirika, anainua mkono wa kumpiga kofi. Mkono unashuka. Na yeye anaudaka. Hapigi. Anaudaka tu hewani, anaushikilia hapo, anamwangalia mwenye mkono. Halafu anaushusha taratibu, anaurudisha ubavuni mwa mwenyewe, kama mtu anayerudisha kikombe mezani asikivunje.

Syombua, wewe ndiye uliyenikanda maji ya moto mwaka wa themanini na tatu. Wewe ndiye uliyewaambia watu kwamba nilianguka bafuni. Miaka kumi na minane niliishi na marehemu Mativo, Mungu amrehemu, na mkono ule niliujua kuliko ninavyojua mkasi wangu. Nilijua unavyoanza begani. Nilijifunza kuinamisha kichwa, kugeuza shavu, kuficha jicho. Nilifundishwa kuomba na niliomba kweli, nami siidharau ile sala. Lakini haikunijia hata siku moja, hata kwa mawazo, kwamba mkono ni kitu cha kudakwa. Sikuwahi kuona mwanamke akifanya hivyo, si kwetu, si hapa, wala mahali popote. Nilikuja kuona kwenye kiti cha Sylvance, kwa sinema mbaya, kwa mwanamke aliyevalishwa suruali ya aibu. Nikarudi nione tena. Na tena. Nilikuwa nakaa pale mikono yangu ikiwa imefumbwa mapajani, nangoja mkono ushuke.

Halafu mchungaji aliponiuliza skafu ilikuwa wapi, niliona ni lazima nieleze yote hayo mbele ya wanaume wanne, na Mativo alizikwa na kwaya yetu. Ulimi ukakimbilia msumarini. Nilimwachia mtoto wako mkono uliokuwa unanijia mimi. Usinisaidie kutafuta jina lingine la jambo hilo, nimelitafuta, halina.

Julai yote nilisifiwa. Mwezi wa Agosti Ushirika ukanichagua niwe mlezi wa wasichana, na Rispa akasema mbele ya watu kwamba nimeonyesha mfano, sikuipendelea damu yangu. Jumamosi ya kwanza wakaletwa wasichana kumi na mmoja, wakaketi mbele yangu. Tulipomaliza kuomba, mmoja mdogo mwenye kigugumizi akaniuliza Muthoki alifanya nini hasa, ili wao wajue wasikifanye. Nikawaambia waende nyumbani.

Baadaye ndipo Kitonga akaniletea zile habari za sahani ya jikoni. Kesho yake nikaenda kwa Mchungaji Wathome, nikamwambia yote isipokuwa la mkono. Akaniuliza kama Mzee Phares aliniona uso, nikasema hapana. Basi akasema jambo lilishatulia, na heshima ya skafu si yangu peke yangu. Akachukua karatasi palepale, akaandika barua ya chuo. Alinionyesha. Ilisema Muthoki Mutunga alikosa, ametubu, na amesamehewa. Alidhani ananipa zawadi. Ningeweza kuipokea, Syombua. Ingekuja kwako siku hiyohiyo na hakuna mtu angejua kitu.

Nikamwambia, "Mchungaji, anayesamehewa ni aliyekosa. Andika hakukosa."

Akasema, "Nikiandika hakukosa, wataniuliza aliyekosa ni nani."

Nikamwambia awaambie. Akasema hapana, hilo si la yeye kusema. Nikaelewa.

Jana, Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama mbele. Nikashika meza. Nilisema, nilikuwa ukumbini mimi, mara nne, na skafu ilikuwa kichwani mwangu, na mbele ya wazee nilisema uongo nikamtupia mtoto wa dada yangu. Nilisema polepole ili hata wale wa nyuma wasikie, nisije nikaulizwa nirudie. Mzee Phares akainuka kwenye kiti chake. Nilidhani atanikemea. Akasema tu, "Mimi niliona skafu. Mtu sikumwona. Nami naomba msamaha wa huyo mtoto," akakaa, akafuta miwani yake.

Rispa ndiye aliyepaswa kunivua, ndiyo kazi ya mwenyekiti. Vidole vyake vilishindwa na fundo, ikabidi nimsaidie kulifungua. Akainama sikioni mwangu akaninong'oneza, "Kavutha, hata ningekuwa mimi ningesema ilikuwa msumarini." Najua alitaka kunifariji. Ilinichoma, maana nilifikiri, tungekuwa wawili na Muthoki bado angekuwa peke yake. Nimeondolewa Ushirika, ulezi nimeuacha, na meza ya Bwana sitaikaribia mpaka Pasaka. Leo asubuhi akina mama wawili walipita hapa wakasalimia cherehani, mimi hawakunisalimia. Ni haki yao.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, imefungwa na ina muhuri wa kanisa. Ni barua ya chuo. Ile ya kwanza mchungaji aliichana. Hii inasema hakukosa. Nimeisoma mwenyewe kabla haijafungwa. Usimpe Mutunga aipeleke, mpe Muthoki mkononi, na siku zimebaki ishirini na moja. Akikataa kuipokea kutoka kwangu, mwambie haikutoka kwangu, imetoka kwa kanisa lililomkosea. Na Mutunga msomee pale niliposema ilikuwa msumarini na yote yaliyofuata, umsomee mbele ya Muthoki, ili mtoto asikie baba yake akisikia. La mkono usimsomee. Hilo ni letu.

Simwombi Muthoki anisamehe. Neno hilo tumelitumia vibaya sana mwaka huu. Namwomba arudi kula mezani.

Limebaki moja, nikufiche wewe nitamwambia nani. Uongo wangu nimeutubu, na woga wangu nimeutubu. Lakini jana, nilipokuwa nimepiga magoti, nilijaribu kutubu na ile furaha niliyopata mkono ulipodakwa, nikashindwa. Nilitafuta ndani yangu mahali pa kuijutia sikupapata. Kama hiyo ni dhambi, basi bado ninayo, na Mungu anajua iko wapi. Niombee, kwa vile wewe uliniona nikiwa nimevimba.

Nisalimie Mutunga ijapokuwa atanikasirikia, nisalimie mama mkwe na watoto wote mmoja mmoja kwa jina. Mwanangu Ndete ameandika kutoka Mombasa, anawasalimu. Bwana awalinde na kiangazi hiki.

Na Muthoki, ukiona anaweza kuipokea, mpe salamu zangu. Ukiona hawezi, zihifadhi.

Ni mimi dada yako,
Kavutha

Kitonga atapita kwenu Ijumaa akirudi Nairobi. Tafadhali mpe jibu siku hiyohiyo, hata kama ni mistari miwili, hata kama ni ya kunitukana.